Kundi la Wakunga Lililojaa Hongera

Siku yangu ya kwanza kazini, matroni alinikabidhi funguo za kabati la dawa, akanionyesha kitanda cha kujifungulia, kisha akanipa agizo ambalo limeniudhi tangu siku hiyo.

"Sista Nyawira," alisema, "mkunga mzuri hasumbui watu."

Alimaanisha simu. Zahanati yetu ilikuwa upande wa Tetu, mwendo mfupi kutoka Wamagana, katikati ya mashamba ya majani chai. Simu ilikuwa moja, ofisini kwake, ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli. Ukiipigia hospitali kuu kuuliza jambo, ulikuwa umekiri kwamba hujui kazi. Kwa hiyo hatukuuliza. Tulikuwa na fetoskopu, ile pembe ndogo unayoiweka juu ya tumbo la mama ukatega sikio usikie moyo wa mtoto. Tulikuwa pia na chati ya uchungu, karatasi ambamo kila baada ya muda unaandika njia imefunguka kiasi gani, moyo wa mtoto unapigaje, na mama ana hali gani. Mstari wa chati ukianza kwenda vibaya, uliutazama peke yako na kuamua peke yako, uso umekazwa kama mtu anayejua.

Mwezi wangu wa tatu nilipokea mtoto aliyezaliwa kimya. Nilimfanyia kila nilichofundishwa, naye hakupumua. Nilimfunga shuka, nikampa mama yake amshike, nikakaa naye mpaka mumewe alipofika. Halafu nikatoka nikatapika nyuma ya tangi la maji. Matroni alinikuta huko.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, matroni."

"Basi nawa uso. Kuna mama mwingine kwenye benchi."

Hakuwa mtu mbaya. Naye alifunzwa hivyo, na aliyemfunza yeye alifunzwa hivyo. Lakini ninapowasikia wazee wenzangu wakiwaambia ninyi wakunga vijana kwamba enzi zetu tulikuwa wagumu, natamani kuwauliza ugumu ule ulimfaa nani. Katika darasa langu la ukunga, wawili waliacha kazi mapema. Mmoja anauza nguo Karatina mpaka leo, na mumewe hajui ni kwa nini aliacha.

Nilizungushwa vituo vingi. Othaya nilimpata msimamizi aliyejali mwandiko kuliko wagonjwa. Naro Moru nilikuwa chini ya afisa wa kliniki aliyewaita wakunga wote "wasichana", hata yule aliyebakisha mwaka mmoja kustaafu. Kila kituo kilikuwa na wakunga wawili au watatu, na kila mmoja alidhani matatizo yake ni ya kwake tu. Tulikutana kwenye semina, tukala mchana, tukapiga picha ya pamoja, tukarudi kila mtu kwake.

Mambo yalianza kubadilika nilipohamishiwa kituo kimoja cha Kiganjo. Hapo nilimkuta Sista Auma, mkunga kutoka pande za Kisumu, aliyeletwa huku na mumewe, mkufunzi wa polisi. Auma alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, na hakuwa na subira na mtu yeyote. Siku moja tukiwa tunakunja shashi za kidonda aliniambia:

"Nyawira, hizi simu tuko nazo mfukoni. Tunazitumia kufanya nini? Kutumiana maombi?"

"Unataka tufanye nini?"

"Tuweke wakunga wote wa hizi pande za mlima kwa grupu moja. Ukikwama Wamagana, mwenzako wa Timau anakusaidia. Ukizidiwa, unasema umezidiwa. Ati hiyo ni ngumu?"

Haikuwa ngumu hata kidogo. Baada ya wiki chache tulikuwa na wakunga kutoka Tetu, Mweiga, Nanyuki na mpaka Timau. Mara ya kwanza mtu alipouliza swali la kweli, kuhusu mama mwenye shinikizo la damu lililogoma kushuka, watu watano walimjibu kabla chai yangu haijapoa. Niliisoma ile simu nikiwa nimesimama, machozi yakinilengalenga, nikajiambia kwamba hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta nyuma ya lile tangi.

Halafu wakubwa wakasikia. Inchaji wetu, yaani msimamizi wa kituo, mtu mpole aliyependa mikutano kama wengine wanavyopenda nyama, alisema jambo zuri namna hii haliwezi kwenda bila uongozi. Tukaitwa kwenye ukumbi wa kanisa. Tukaomba, tukakaribishwa, tukasikiliza hotuba ya mgeni wa heshima ambaye hajawahi kuzalisha hata mbuzi. Tukachagua mwenyekiti, makamu wake, katibu, katibu msaidizi, mweka hazina na mlezi. Tukajadili rangi ya fulana saa nzima. Nilipoinua mkono kuuliza nani atapokea simu mtu akikwama, mwenyekiti alisema hilo litaingia kwenye ajenda ya mkutano ujao.

Kundi likajaa. Asubuhi ni mstari wa Biblia, saa nne ni picha ya keki, mchana ni mtu anauza miche ya parachichi. Auma aliandika, "Jamani, hapa ni pahali pa kazi." Akajibiwa na picha za mikono inayoomba.

Kati ya wanachama wetu alikuwapo Makena, mkunga kijana wa zahanati moja nje ya Timau, huko kwenye upepo na mashamba ya ngano. Alikuwa peke yake pale, maana mwenzake alikuwa likizo ya uzazi na hakuletwa mwingine. Alasiri moja alizalisha mama kijana, mfanyakazi wa shamba la maua. Mtoto alitoka salama, akalia vizuri. Lakini kondo la nyuma, ambalo hufuata baada ya mtoto, halikutoka, na damu ikaanza kuja. Makena alimdunga oksitosini, sindano ya kuufanya mfuko wa uzazi ujikaze. Alimtundikia maji, akapiga simu ya ambulensi. Ambulensi ilikuwa imempeleka mgonjwa mwingine mbali. Akampigia inchaji wake, hakushika. Ndipo alipoandika kwenye kundi, kama tulivyomwambia afanye: "Niko na mama, kondo imekataa kutoka, damu ni mingi, ambulensi haiko. Nisaidieni."

Siku hiyo mwenyekiti wetu alikuwa amepandishwa cheo. Juu ya ujumbe wa Makena kulikuwa na hongera, na chini yake zikafuata hongera nyingine, na nyingine, na maua, na "Mungu ni mwema". Hakuna aliyekusudia ubaya. Watu walifungua, wakaona sherehe, wakaandika hongera, wakafunga.

Mimi nilikuwa kliniki ya wajawazito. Nilipotoka na kufungua simu nilipandisha zile hongera kwa kidole, nikiwa nimechoka, mpaka nikaufikia ujumbe wake. Nilimpigia papo hapo.

"Makena, uko wapi?"

Nilisikia injini na upepo. "Tuko kwa pikapu ya jirani, Sista. Tunaenda Nanyuki."

"Mama anaongea?"

"Alikuwa anaongea. Sista, nimemshika tumbo. Nimemshika tu. Niambie nifanye nini."

Nilimwambia jinsi ya kuubana mfuko wa uzazi kwa mikono miwili, naye akafanya hivyo, ndani ya gari linaloruka mashimo, akinihesabia pumzi za yule mama kwa sauti. Mama alifariki getini pa hospitali. Mtoto alikuwa mbele, mikononi mwa shangazi yake, amelala.

Nimepokea watoto wengi mno nisiweze kuwahesabu, na kati ya yote niliyowahi kusikia kazini, sauti ya Makena ikihesabu ndiyo inayonirudia.

Mnajua kilichofuata kwenye kundi? Rambirambi. Watu walewale, kwa vidole vilevile, waliweka mishumaa. Wala hakuna aliyempigia yule binti. Waliogopa kwamba wakionekana kuongea naye, kosa litawaambukiza. Alipewa barua ya kutakiwa kujieleza, akaambiwa asizungumze na mtu mpaka kikao cha kuchunguza kifo.

Jumamosi Auma alikuja mlangoni kwangu amevaa sweta mbili. "Tunaenda Timau," alisema. Hakuniuliza kama nina nafasi.

Tulimkuta Makena chumbani mwake, pazia limefungwa mchana, sare yake imelowekwa kwenye beseni. Aliniambia ameshaifua mara nne. Auma, ambaye nilidhani atapiga kelele, aliketi sakafuni na kumenya viazi vitamu tulivyovibeba. Hatukumwambia ajipe moyo. Nilimwomba anieleze siku ile tangu mwanzo, kila hatua, nami nikawa namwambia: hapo ulifanya sawa, na hapo pia sawa. Alipofika mahali pa ujumbe wake kwenye kundi, aliniangalia usoni.

"Mlisema niandike hapo," alisema. "Niliangalia simu, nikaona maua."

Nilimwomba msamaha, na Auma akamwomba msamaha, akiwa bado ameshika kisu na kiazi.

Ombi lake lilikuwa moja: mtu wa kuketi naye siku ya kikao. Nilienda. Mratibu wa afya ya uzazi, mwanamke mwenye miwani na faili nene, alinitazama kuanzia viatu.

"Huyu ni nani?"

"Mkunga mwenzake," nilisema.

"Kutoka wapi?"

"Kiganjo."

"Kiganjo ni kaunti nyingine. Hapa unafanya nini?"

Niwaambie ukweli, nilikuwa nimechoka kwa miaka zaidi ya thelathini, na uchovu wote ulinijia mdomoni kwa pamoja. "Mheshimiwa, damu haijui mpaka wa kaunti. Nimekuja kuketi. Nisipotakiwa kusema sitasema."

Aliniacha niketi. Kisha akamuuliza Makena kwa nini chati haikujazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Makena alinigeukia. Nikavunja ahadi yangu.

"Mkono mmoja ulikuwa juu ya tumbo la mama, na mwingine ulikuwa na sindano," nilisema. "Ungependa aandike kwa upi?"

Nilingoja kutolewa nje. Badala yake mratibu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akauliza kwa sauti ndogo zaidi mwenzake wa zamu alikuwa wapi. Hapo ndipo maswali yalipoanza kuwaendea waliostahili kuulizwa: kwa nini zahanati ilikuwa na mkunga mmoja, na kwa nini simu ya inchaji haikushikwa. Makena hakufukuzwa. Alipata barua ya onyo kuhusu kumbukumbu, ambayo hata sasa naiona upuuzi. Mkunga wa pili alipelekwa baada ya miezi, si baada ya siku.

Jioni ya siku ya kikao Auma na mimi tulifanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya mwanzoni bila kumwomba mtu ruhusa. Lile kundi tuliwaachia wenye keki. Tukaanzisha jingine lisilo na mwenyekiti wala fulana, la kuomba msaada na kujibu tu. Na kwa kuwa ujumbe unaweza kuzikwa, tuliandika orodha ya majina matatu ya watu wa kupigiwa simu kila siku ya wiki, ikabandikwa ukutani kila zahanati. Kazi ya wa kwanza ni kuongea nawe mpaka msaada ufike, wa pili anatafuta gari. Wa tatu kazi yake inaanza yakishaisha: kesho yake anakuja kukuona kwa miguu yake mwenyewe, hata kama mama na mtoto wako salama. Mwenyekiti alikasirika. Alisema tumegawanya wakunga. Auma alimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Makena alikaa mwaka mzima bila kukubali kuwekwa kwenye orodha. Halafu siku moja aliniandikia, "Niweke wa tatu." Nilimweka.

Sasa nimestaafu. Nilifanyiwa sherehe, nikapewa saa ya ukutani na blanketi, na kesho yake asubuhi nikatolewa kwenye kundi letu jipya. Nilimpigia Makena nikiwaka moto.

"Ni sheria, Sista," alisema. "Wanachama ni walio kazini."

"Nani mjinga aliandika sheria hiyo?"

"Ni wewe."

Ilikuwa kweli. Niliiandika ili kumzuia yule mgeni wa heshima asiingie.

Mnaniuliza, mkinikuta sokoni, kama kazi hii ina thawabu. Sijui. Najua kwamba bado mnapewa zahanati mtu mmojammoja. Najua semina bado zinaishia kwenye picha ya pamoja, na msimamizi fulani mahali fulani bado anamwambia binti anawe uso. Hasira yangu haijastaafu.

Wiki iliyopita nilikuwa naweka maharagwe motoni, saa tano asubuhi, simu ikalia. Alikuwa binti aliyeanza kazi mwaka huu huko Tetu, ambaye sijawahi kumwona uso.

"Sista, ni mama ametoka damu."

"Mimi si wa zamu," nilifoka. "Angalia ukutani, piga jina la kwanza."

"Nilipiga. Walikuja. Mama yuko sawa, ameenda hospitali, anaongea." Akavuta pumzi. "Hata wa tatu ameniambia atafika kesho. Lakini kesho ni mbali, Sista. Naweza kulia kidogo na wewe ukiwa kwa simu?"

Nikavuta kigoda nikaketi. Alilia, nami sikumwambia anyamaze wala anawe uso. Maharagwe yaliungua yote, na sufuria nimeitupa.