Aliyenipa Maji Siku ya Kuhesabu

Siku niliyokwenda Matondoni kuhesabu naikumbuka mpaka leo, mdogo wangu, na kwa kuwa fomu zile zile sasa umepewa wewe, ni haki yako uijue.

Kazi ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kuandika, kati ya vijana walioitwa chuo kikuu, wangapi wameingia. Kijiji ambacho wengi wameitwa na hawakwenda ndicho kingesaidiwa karo na nauli. Mimi ndiyo kwanza nimehitimu, na unanijua nilivyo. Asubuhi ile nilijaribu kalamu tatu, nikawaza kama wino wa buluu utakataliwa, nikageuka njiani kurudi kwetu Wiyoni kuhakikisha sikuacha fomu.

Huko kijijini bibi mmoja, Bi Khadija, alinikaribisha barazani, akanitolea barua ya mjukuu wake Maimuna, imehifadhiwa ndani ya plastiki.

"Ameitwa bara," akasema.

Msichana akaniletea maji. Nikainamisha macho, nikashukuru. Kwetu si adabu kumuuliza msichana wa watu jina lake, nami nilijiona mwenye adabu sana. Nikaandika: Maimuna, ameingia.

Wiki chache baadaye vijiji vya kusaidiwa vikatajwa. Matondoni haikuwemo. Bi Khadija akaja kwetu Wiyoni, akakataa hata kukaa.

"Mwanangu, Maimuna umemuandika yuko wapi?"

"Chuoni, Bibi. Barua niliiona."

"Na maji uliyokunywa siku ile alikutilia nani? Au yaliletwa kutoka bara?"

Mama yangu alicheka.

"Atakiwa kuripoti Jumatatu," Bi Khadija akasema, "na nauli hatuna. Uliona haya kumuuliza yeye, sawa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yako. Ungeniuliza mimi."

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu aliyetusimamia, mtu wa bara asiyependa maneno mengi. Nikaanza kueleza habari za adabu, akanikatiza.

"Umekosea wangapi?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi rudi ukajue."

Nikarudi nyumba zote. Wengi niliowaandika wameingia niliwakuta wamo majumbani mwao, huyu anasuka mkeka, yule anapakia mchanga juu ya punda. Hesabu ikasahihishwa na Matondoni ikaongezwa, lakini Jumatatu ya Maimuna ilikuwa imeshapita. Alikaa nyumbani mwaka mzima akingoja kuitwa tena. Sasa yuko chuoni. Safari hii niliuliza analala bweni gani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, barua isikutoshe. Ukionyeshwa, ifurahie na wenyewe, kisha uulize: jana alilala wapi? Unaloona haya kumuuliza msichana, muulize nyanya yake. Kalamu yoyote itaandika, usijisumbue nayo kama mimi. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilipoteza siku nzima nikitafuta maneno mazuri ya kuomba radhi, na nyuma ya kosa langu kulikuwa na mtu mwenye tarehe ya kuripoti.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akusahilishie ndia, akupe ulimi wa kuuliza, na kila aliyeitwa amfikishe.