Nyuma ya Pazia

Binti wa fundi cherehani alijifunza selo, ile fidla kubwa inayobanwa magotini, tangu utotoni, kwa mwalimu mkali kupindukia. Vidole vyake viliota sugu, na jirani wa ukuta wa pili akahama. "Huyu nimemfinyanga mwenyewe," mwalimu alipenda kuwatambia wageni.

Siku ya usaili wa okestra, kila mpigaji alikaa nyuma ya pazia ili majaji wasimtambue. Mwalimu alikuwa mmoja wa majaji. Binti akapiga vilevile alivyofundishwa, kisha akashusha pumzi.

"Huyu kaharibiwa," ikasema sauti aliyoijua vizuri mno. "Sijui ni nani huyo aliyemfundisha kushika upinde hivyo!"

Binti akauma mdomo, asijue acheke au alie. Lakini majaji wengine wawili walikuwa wameshampenda, wakampitisha. Pazia likavutwa. Mwalimu akakodoa macho, akakohoa, kisha akapiga makofi kuliko wote.

"Si niliwaambia?" akawageukia wenzake.

Binti akampa shikamoo na asante zake zote, akatoka nje kumpigia mama yake simu. Kwenye somo la Jumamosi hakuonekana tena.