Habari Aliyoikataa Skolastika

Skolastika alizaliwa na ulimi mkali. Kwao Ujiji walimwita Pilipili. Miaka ile wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wakishuka mitumbwini kila kukicha, alisoma habari katika redio ndogo ya mjini Kigoma. Ukimpa ya uongo, anakurudishia mbele za watu.

Asubuhi moja guruneti lilirushwa mwaloni Bangwe, pale mitumbwi inaposhusha samaki, katikati ya wachuuzi wa dagaa. Moshi haujatulia, mji mzima ulishamjua mrushaji: Warundi! Nani kawaona? Hakuna. Lakini wasemaji hawakosekani.

Telesphory, mkuu wa redio, aliyependa kuwa wa kwanza hata kwa kukosea, akaingia studio na karatasi. "Soma. Warundi wameua. Majina ya marehemu yako chini."

Jina la mwisho lilikuwa Castory, mdogo wake Skolastika wa tumbo moja. Akalisoma mara mbili. Telesphory alipoambiwa ni nduguye, akainamisha kichwa. "Pole, dada. Basi wewe ndiye hasa wa kuwasema."

"Nani amewaona, Mzee?"

"Watu wanasema."

"Nikisema Warundi, jua halitazama kabla jirani yetu Mama Ndayikeza na wanawe hawajachomewa nyumba. Na mama yangu ana redio dirishani. Kwetu msiba unabishiwa hodi, mtu anaketishwa ndipo aambiwe. Mama hataupata kwenye spika!"

Akawasha kipaza sauti. "Guruneti limerushwa Bangwe. Watu wamekufa. Aliyerusha hajajulikana. Wenye jamaa zao waende hospitali." Akazima. Telesphory akamfukuza kazi palepale, naye akaenda mbio nyumbani, akambishia mama yake hodi.

Matangani watu walimsema bila hata kunong'ona: kaiuza damu ya nduguye. Mara akatokea Mama Ndayikeza, yule jirani Mrundi, na sufuria ya maharage kichwani. Watu wakageuka kumtazama. Mama wa watu akasimama uani, hajui aingie au arudi.

Skolastika alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, lakini alinyanyuka. Akamtua mgeni sufuria, akamketisha kwenye mkeka, ubavuni kwa mama yake mzazi.

"Aliyemuua Castory nataka afungwe kuliko ninyi nyote," akawaambia. "Mkimjua, nileteeni jina lake. Jina, si kabila! Nitalitangaza hata kwa kusimama sokoni."

Mpaka leo hawajamletea.