Viti vya Ndege ya Anuar

Miaka mingi Bi Mize hakukanyaga nyumba ya Anuar, si harusi si hitima. Akikutana naye uchochoroni hapo Kikwajuni, hutazama ukutani.

Anuar ana ndege zake mwenyewe, ndogo ndogo, za kukodi. Huwachukua wageni wa likizo mbugani huko bara, akawashusha Unguja, wende pwani ya Paje wakajianike kama dagaa.

Miaka hiyo ya nyuma Nadra, binti pekee wa Bi Mize, alifia hospitali Dar. Siku hiyo bahari imechafuka, boti zote zimezuiliwa. Na Bi Mize ndiye mkosha maiti wa kike hapo mtaani, wangapi wamepita mikononi mwake. Akamfuata Anuar uwanja wa ndege.

"Anuar mwanangu, nletee Nadra nimkoshe mwenyewe."

"Bi Mize, ndege ya wageni ile. Na viti vimekazwa sakafuni, havifunguki. Ntamlaza wapi?"

Nadra akakoshwa na wasiomjua, akazikwa huko huko. Bi Mize hakulia. Watu wakasema kashukuru Mungu. Hakushukuru, hakukufuru, alikaa tu.

Mwaka huu mamake Anuar, Bi Ummukulthum, naye akafia Dar. Kafa adhuhuri, alasiri yuko Kikwajuni. Wakaja kumwita Bi Mize, roho juu wasijue atajibu nini. Akajifunga kanga, akenda. Maiti hana kosa. Akamkosha taratibu, akamtia kafuri, akamvisha sanda. Moyo wake kimya, kama anafua nguo za watu.

Alipotoka, Anuar yuko ukumbini na wazee.

"Ahsante, Bi Mize. Mungu atakulipa."

"Mamako kaja na nini?"

"Na ndege."

"Kalala wapi?"

Anuar akainamisha kichwa. "Tulifungua viti."

"Kumbe vinafunguka."

"Vinafunguka. Hata siku ile vilikuwa vinafunguka. Nliogopa wageni wasije wakajua ndege imebeba maiti, wakanikimbia. Nlikudanganya, Bi Mize. Nnaomba radhi."

Wazee wote wamesikia. Mzee Silima, jirani, akakohoa. "Bi Mize, kuna msiba hapa. Msamehe."

"Na wangu ulikuwa nini, ngoma?" Akamgeukia Anuar. "Mamako nimemkosha vile nlivyotaka kumkosha mwanangu. Yeye sina neno naye. Weye radhi yangu huipati, kazike."

Akasimama kidogo mlangoni, akingoja moyo ufurahi. Haukufurahi, wala haukuuma. Akavaa ndara zake, akenda.