Jezi ya Fundi

Kambini kwetu hakuna mchezaji aliyewahi kuambiwa kwamba amekwisha. Kila Alhamisi jioni nilizianua jezi juu ya paa, nikazikunja, nikapita chumba kwa chumba nikiweka kila moja juu ya kitanda cha mwenyewe. Aliyekuta kitanda kitupu alielewa. Asubuhi ya Ijumaa angesema tumbo linamsumbua, au ameombwa ashike zamu ya mtu, nasi tungempa pole. Ijumaa nyingine vivyo hivyo. Kisha tungemwona amesimama na watazamaji, anatufokea kama wao, na mambo yameisha bila mtu kufungua mdomo.

Jezi nilizitunza mimi kwa kuwa nilikuwa nahodha, na unahodha nilipewa kwa sababu walisema sina papara. Labda. Nilizaliwa wa kwanza, nikaacha shule kidato cha pili wazazi walipotutoka, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kugawa. Aliyezoea kugawa chakula kisichotosha hujifunza kutotazama nyuso za watu wakati anagawa.

Kampuni yetu ilikuwa ya ulinzi. Miaka ile Doha yote ilikuwa inachimbwa, na walinzi wengi walipelekwa kwenye saiti, kusimama getini kwenye vumbi na jua. Sisi wachezaji tuliwekwa ndani: hoteli, ofisi, penye kiyoyozi na sakafu ya marumaru. Hakukuwa na andiko lolote kuhusu jambo hilo. Mkubwa wa kampuni alipenda mpira, alipenda kuzifunga kampuni nyingine, na msimamizi wa zamu alijua la kufanya. Kwa hiyo jezi ndiyo iliyokuwa lindo lako, na mkataba ulipofika mwisho, wachezaji ndio walioitwa kwanza kuurefusha.

Fundi alikuwa mtu wa Tanga. Tulimwita hivyo kama anavyoitwa mtu yeyote anayeujua mpira, na kwetu hakukuwa na mwingine. Alivaa namba kumi. Hakuwa na mbio hata nilipomkuta, lakini aliona uwanja mzima kama mtu aliye ghorofani. Mimi nilikuwa beki wa kati. Nikinyang'anya mpira sikuhitaji kufikiri. Nilimpa yeye, kisha nikapumzika. Miaka mingi timu yetu ilicheza hivyo, kila mpira unapita kwake kwanza.

Nilianza kuona mabadiliko kwenye mambo madogo. Aliacha kupiga kona za upande wa mbali. Akaanza kutaka mpira uletwe mguuni, na ukipita hatua mbili mbele yake anakugeukia wewe uliyempa. Chini ya soksi alifunga bandeji, na chumba chake kikawa kinanuka dawa ya kuchua. Vijana wa kampuni nyingine walimpigia kelele, "Mzee, kaa kitini!" Naye bila kugeuka akawajibu, "Leteni na chai ya karaki, isiwe na sukari nyingi." Tulicheka. Lakini mpira alikuwa ameshapokonywa.

Mwaka huo mdogo wangu wa mwisho alikuwa amefika Doha. Nilimlea mimi, nikahangaikia kibali chake mimi, akaingia kampuni ileile. Alicheza palepale alipocheza Fundi, na kila mtu aliona. Hakuwa na akili ile, ila alikuwa na miguu.

Ijumaa moja tulifungwa vibaya, kwa mipira iliyopotea katikati. Tulikuwa tumeizunguka sinia ya wali, Fundi ameingia kuoga, ndipo kipa wetu Mkenya aliponiambia. Yeye alikuwa na haraka siku zote, kwa maana ibada yake ya Ijumaa ilikuwa kanisani Mesaimeer na mechi zetu zilimchelewesha.

"Kapteni, tunacheza watu kumi," alisema. "Na wewe unajua. Unaogopa watasema umemweka ndugu yako."

Wengine waliendelea kula. Hakuna aliyempinga.

Nilimwendea msimamizi wa zamu. Nilimwomba amruhusu Fundi awe kocha wetu na abaki kwenye lindo lake la hotelini, kwa kuwa goti lile lisingeweza kusimama saiti. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema kocha ni jambo zuri, tumweke, lakini nafasi za ndani ni za wanaocheza, na kama ataanza kuwahurumia watu kwa ajili ya magoti, nusu ya kambi itachechemea kesho. Fundi alikuwa na binti aliyebakiza mwaka mmoja wa chuo. Sote tulilijua hilo. Msimamizi pia nilimwambia.

Alhamisi nilizianua jezi. Mdogo wangu alinifuata hadi kwenye ngazi akaniomba nisimpe namba kumi, nimpe hata ya kipa wa akiba. Nikamwambia namba si yake wala yangu, aende akalale. Nikagawa zote. Nikabaki mkononi na ile moja, nimesimama kwenye ujia, na sikuweza kupita mlango wa Fundi kama nilivyopita milango ya wengine. Niliona ni woga kumwacha mtu wa namna ile ahesabu mwenyewe kitanda kitupu. Nikagonga.

Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi. Alitazama jezi mkononi mwangu, akaendelea na mkunjo wa suruali.

Nilimwambia kesho hatacheza, na si kesho tu. Nikamwambia nilivyokwenda kwa msimamizi na alivyonijibu. Nilisema yote, bila kuzungusha.

Aliiweka pasi pembeni.

"Kwa nini umeniambia?"

"Nilikuheshimu, kaka."

"Ungeniheshimu ungepita. Kesho ningesema goti limeamka vibaya, watu wangenipa pole, ningekaa. Mimi mwenyewe ningekuwa nimekaa. Sasa nitasema nini?"

"Hakuna aliyesikia. Tuko wawili tu."

"Wewe umesikia."

Nikamwambia kwamba kwetu, baba alipofariki na baadaye mama, ni mimi niliyewaambia wadogo zangu, kwa sababu niliona ni afadhali wajue kutoka kwangu.

"Mimi si mdogo wako," alisema. "Nenda kampe mtoto jezi yake."

Asubuhi alikuja uwanjani. Hatukumtarajia. Alivaa nguo za kawaida, akasimama mbele yetu tulipokuwa tunafunga njumu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nahodha ameniacha." Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kulitamka jambo hilo. Watu waliinamia kamba za viatu vyao. Mmoja alianza kusema pole akaishia katikati, maana hakujua anampa pole ya nini. Mdogo wangu aligeukia upande wa barabara. Tulishinda siku hiyo, na wote tukaondoka uwanjani haraka.

Ratiba mpya ilipotoka, Fundi alipelekwa Umm Salal, kwenye bohari la vifaa vya ujenzi kando ya mashamba. Nilikwenda kumwona siku yangu ya mapumziko. Alikuwa na banda la mbao na kivuli chembamba kilichohama na jua, naye akihama nacho. Aliniwekea ndoo niikalie. Hakuwa na chuki usoni, na hilo lilinisumbua zaidi.

Aliuliza habari za mtoto. Nikasema anajitahidi.

"Anageukia kulia tu," alisema. "Wiki chache watakuwa wamemjua. Mwambie. Wewe si unapenda kuambia watu?"

Nilicheka kidogo, yeye hakucheka.

Nikamuuliza kuhusu mkataba. Akasema unaisha baada ya Ramadhani na hawajamwita, na wale wa kuitwa wameshaitwa. Nikamwambia nitakwenda tena kwa msimamizi, na safari hii hadi kwa mkubwa mwenyewe.

"Usiende kwa mtu yeyote kwa ajili yangu," alisema. "Ulikwenda mara ya kwanza kabla ya kuniuliza. Ulikuja chumbani kabla ya kuniuliza. Goti ni langu, binti ni wangu. Niache niondoke kama mtu aliyeamua."

Niliahidi kwa kichwa. Ahadi hiyo niliitimiza, na sijui hadi leo kama ilikuwa sahihi kuitimiza. Baada ya Idi alirudi nyumbani, na kwa wote waliomuuliza alisema amechoka na joto la Waarabu.

Siku ile bandani lori lilikuja likapiga honi getini. Alishika goti kwanza, kisha ukuta, akaanza kuinuka. Nami nikainuka. Akanionyesha ndoo kwa kidevu, nikakaa, nikamtazama akilivuka jua lile hadi kwenye geti, polepole, dereva akiendelea kupiga honi.