Jina la Basi Juu ya Mbavu za Mti

Jina la basi lilitoka lote kwa pamoja, kama utando wa maziwa unavyosogea ukiinamisha sufuria, likaangukia kwenye karai la maji na kujikunja humo. Lilikuwa jina la upande wa kushoto, na la akiba halikuwepo. Mume wangu alibaki ameshika basi dogo mikononi, kinywa wazi. Mama mwenye ploti tuliyopanga, aliyekuwa akianika nguo karibu nasi, aliacha shuka nusu kwenye kamba akaja kutazama.

"Limeoga," akasema. "Sasa mtalivisha nini?"

Hiyo ilikuwa Kawangware, Jumamosi asubuhi, katikati ya miaka ya sabini. Basi lenyewe lilikuwa la mti wa mjakaranda, refu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Lilikuwa na magurudumu, ngazi ya nyuma, na kerio ya mizigo juu ya paa ambayo ungeweza kuifungia kuku wa kuchezea.

Mume wangu alitoka Machakos akiwa mchongaji, na kwa miaka kadhaa alichonga swala na twiga wa kuuzia wageni mjini. Kazi hiyo ikapungua. Baba yake akatuma ujumbe kwamba shamba lipo na mji si lazima. Mimi nilikuwa na kazi Lindi, upande wa Kibera, nikishona sare za shule kwenye chumba chenye cherehani zilizobanana, na kazi hiyo nisingeweza kuibeba kwenda Machakos. Kurudi kwake kungekuwa kuishi kila mtu kwake. Sote wawili tulikuwa tumeona ndoa za namna hiyo zinavyopoa.

Ndipo msimamizi wa karakana moja ya kuunda bodi za mabasi alipoona vinyago vyake akampa jaribio. Achonge basi dogo la muundo mpya, lisikose kitu, ili mwenye kampuni aliweke mezani pake. Likipendeza, karakana ingemchukua kwenye kazi ya mbao. Msimamizi angepita mwenyewe Jumamosi alasiri.

Majina ya kubandika aliletewa na msimamizi huyo. Yalikuwa yamechapwa ng'ambo juu ya karatasi. Unakata jina, unaliloweka, na baada ya muda utando mwembamba wenye herufi unaachana na karatasi. Unautelezesha juu ya kitu chako, na maji yakikauka utando unashika. Juu ya kioo au sahani hata mtoto angeweza. Lakini ubavuni mwa mabasi ya wakati ule mabati yalikuwa na mikunjo iliyolala kutoka mbele hadi nyuma, na mume wangu alikuwa ameichonga yote, mfereji kwa mfereji, na mbavu zilizoinuka kati yake. Jina lilitakiwa lipite juu yake.

Lakini lililotuponza asubuhi ile halikuwa mifereji. Mama mwenye ploti alilichukua basi, akalisogeza puani.

"Hii ni harufu ya viatu vya kanisani."

Mume wangu akafumba macho. Ijumaa jioni, rangi ilipokauka, alikuwa amelisugua basi zima kwa polishi ya viatu. Hakuna aliyemwagiza. Kwa wachongaji wa kwao, kitu hakijaisha mpaka kipakwe polishi na kusuguliwa kwa kitambaa, na mikono ilikuwa imefanya kazi yake bila kumwuliza mwenyewe.

"Nyinyi Wakamba!" mama akasema. "Hata mtoto akizaliwa mnampaka?"

"Mtoto ndiye tunaanza naye, Mama," akajibu, lakini hakucheka.

Alitaka kuingiza vidole kwenye karai. Nikamshika mkono. Kitambaa chepesi kikilowa, ukikivuta kinazidi kushikana; hilo nililijua. Nikamimina maji polepole kando ya karai, na utando ukaanza kujifungua wenyewe, herufi baada ya herufi, mpaka jina likalala wazi juu ya maji. Tukapitisha karatasi yake ile ile chini yake, tukaunyanyua, tukauweka kwenye sahani yenye maji kidogo usije ukakauka.

Basi likaogeshwa kwa sabuni ya mche na maji moto, tena na tena. Mwanzoni maji yalijikusanya matone na kukimbia. Tulipoona yanatandaa juu ya rangi bila kukimbia, tukajua polishi imetoka. Akalikausha juani, akalipaka vanishi ya spiriti ambayo hukauka upesi, na kila mara akawa anaangalia kivuli cha ukuta kama vile msimamizi angetokea humo.

Mara ya pili jina lilishika. Lakini lilishika juu ya migongo ya mbavu tu. Kati ya ubavu na ubavu lilining'inia kama shuka la mama pale kambani, na chini yake hewa ilionyesha weupe mchafu. Mume wangu alibonyeza kwa kidole gumba, utando ukaanza kubanduka pembeni. Akaacha.

Nililitazama nikaona marinda. Kule Lindi, sketi za shule zilipokataa kushika marinda, tulilowesha kitambaa kwa maji yenye siki, tukakandamiza kwa pasi ya moto. Chupa ya siki ilikuwa kwenye kikapu changu. Nikamwambia ukweli: kwenye kitambaa najua, kwenye hiki sijui.

Akafikiri, kisha akasema, "Kama ni kufa, acha kiuawe na mtu wa nyumbani."

Nikapaka siki kwa brashi yake ndogo. Utando ukakunjamana wote mara moja, ukawa kama uso wa mzee anayelia. Nilidhani nimemaliza ndoa yangu kwa brashi.

"Mmelichemsha!" mama akasema.

"Usiguse," nikamwambia mume wangu, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nimenyoosha kidole.

Tukakaa. Kisha mkunjo mmoja ukapotea, na wa pili. Utando ulikuwa umelainika, sasa ulikuwa ukizama mferejini wenyewe, kama mtu mzito anayejilaza kitandani taratibu. Herufi zikapinda kufuata mbavu. Palipobaki hewa mume wangu akadunga kwa sindano yangu, nikaongeza tone la siki, tukakandamiza kwa kitambaa kilichochovywa maji moto. Kwenye mfereji wa chini kabisa utando ulikataa, akauchana kwa wembe kufuata mstari wenyewe, ukalala. Hata ukisogea karibu ungedhani jina lilipakwa kwa rangi. Upande wa kulia haukutusumbua hata kidogo.

Msimamizi alikuja amevaa koti. Hakuketi. Alipitisha ukucha juu ya jina, kutoka ubavu wa juu hadi wa chini, akitafuta ukingo wa utando, asiupate. Akageuza upande wa pili, akafanya vile vile.

"Mbona linanuka kachumbari?"

"Shukuru," mama mwenye ploti akamjibu. "Asubuhi lilinuka viatu."

Akacheka, akalifunga basi kwenye gazeti. Alipofika kwenye lango la mabati aligeuka. "Jumatatu njoo na ovaroli yako. Karakana hatutoi."

Nilikaa chini pale pale, kwenye udongo uliolowa maji ya sabuni. Mume wangu alikwenda nyuma ya nyumba akanawa uso kwa muda mrefu, na aliporudi mama alikuwa amekwisha kumwekea chai. Jioni ile tuliandika kwenda Machakos kwamba shamba apewe ndugu yake alilime. Sikumbuki kulala vizuri kama nilivyolala siku hiyo.

Alifanya kazi kwenye karakana ile mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe. Basi la kwanza la muundo ule lilipotoka, nilikwenda kulitazama. Jina lilikuwa limeandikwa juu ya madirisha, kwenye bati lililo sawa, na mbavu zilikuwa tupu. Nilimwuliza mume wangu, akasema hayo ni mambo ya mafundi wa rangi. Nilimwuliza msimamizi nilipokutana naye, akasema amri ilitoka juu. Basi dogo sikuliona tena, na sijapata mtu wa kuniambia kama mwenye kampuni aliwahi kuliona.