Shoga Aliyenifundisha Kusali

Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, na sikuwa nasali. Aliyenifundisha ni shoga yangu tuliyekuwa tukikaanga naye samaki sokoni Bagamoyo, karai lake kando ya langu. Adhana ya adhuhuri ikilia alininyang'anya upawa. "Inuka, shoga. Samaki hawakimbii." Nilimfuata msikitini kwa kumwonea haya tu, mpaka siku moja nikajikuta nimeamka alfajiri bila kuamshwa.

Baadaye nikajiunga na darasa la akina mama, kila Jumamosi baada ya alasiri. Huko nilijifunza kusoma vizuri, nikajifunza na kuwachunguza wenzangu. Mwalimu wetu alisikia kwamba shoga yangu huuza samaki baa. Ilikuwa kweli. Mumewe alishamwacha, na wenye baa ndio walionunua kila siku. Jumamosi moja shoga yangu alituletea sahani ya vitumbua darasani, akaenda zake. Hakuna aliyegusa. Mwalimu akanitazama.

"Mrudishie. Wewe ndiye rafiki yake."

Kesho yake nikamrudishia sokoni, mbele ya wateja.

"Wamesema hawali cha mkono wako."

"Wamesema wao. Na wewe?"

"Na mimi."

Aliipokea sahani, akaendelea kugeuza samaki. Linalonichoma mpaka leo ni kwamba niliondoka pale nikijiona msafi.

Mama yake alipofariki, darasa zima halikwenda msibani, wala mimi. Siku ya tatu nilipita karibu na mlango wao nikakaza mwendo. Arobaini haijafika, akahamia Saadani kuanika dagaa.

Kisha binti yangu akapata mimba kabla ya ndoa, na wale wale wa darasani wakaacha kuitikia salamu yangu. Naona aibu kusema kwamba hapo ndipo nilipomkumbuka.

Nilimfuata Saadani. Alinikaribisha, akanipa maji. Nikamwomba radhi.

"Nilishakusamehe," akasema, macho yake kwenye dagaa.

Alasiri ikaadhiniwa. Nikamwambia twende tukasali.

"Sali wewe. Mimi niliacha."

"Tangu lini?"

"Tangu msiba wa mama. Matanga yote nilikuwa natazama mlangoni, shoga. Hakuja hata mmoja wenu."

Akanitandikia kanga safi chumbani, akanionyesha kibla kwa kidole, akarudi juani.